Walimu, wafungulieni watoto lango la msitu

Mtu akitoka katikati ya jiji la Nairobi, akaipita Bustani ya Uhuru na kupanda kilima kuelekea Ikulu, hamalizi saa nzima kabla ya kufika Arboretum, ile bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka wa 1907 ili wakoloni wajaribu kujua ni miti gani ya kigeni ingekua upesi na kulipatia garimoshi kuni. Nimeipita njia hiyo mara nyingi katika siku za masomo. Nimewakuta humo waumini wakisali kwa sauti, wapenzi wakiwa wameketi kivulini, na vijana wa chuo kikuu wakidurusu vitabu vyao. Wanafunzi waliovaa sare za shule nimewaona wachache mno, hali shule zimejaa tele Kilimani, Kileleshwa, Kangemi, Kawangware na Kibera, nyingi zikiwa umbali ambao mtoto anaweza kuutembea asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Jambo hilo limenihangaisha kwa muda, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ninaamini kwamba misitu ya jiji hili haikuokolewa na sheria peke yake, wala na ua wa seng'enge. Iliokolewa na watu waliokuwa tayari kuumia kwa ajili yake, na miongoni mwao walikuwamo wanafunzi. Ikiwa kizazi kinachoketi madarasani hivi leo hakitaingia msituni kikaujua na kuupenda, basi siku mnyakuzi atakaporudi, na atarudi, hatamkuta mtu wa kumzuia.

Yafaa tukumbushane tulikotoka. Tarehe 5 Juni mwaka wa 1977, Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake walitoka katika jumba la mikutano la KICC, wakaandamana hadi Kamukunji na kupanda miti saba. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa vuguvugu la Green Belt. Mwaka wa 1989 mama huyo alisimama kuupinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa sitini ndani ya Bustani ya Uhuru, akatukanwa Bungeni na kuchekwa, lakini mwishowe mpango ukaachwa. Kila mkazi wa Nairobi anayejinyosha kwenye nyasi za bustani ile siku ya Jumapili anakula matunda ya ukaidi wa mwanamke mmoja.

Kisha likaja suala la Karura, msitu ulio kaskazini mwa jiji. Mwaka wa 1998 ilibainika kuwa sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili wajenge nyumba. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Maathai alikwenda langoni pa msitu huo akiwa na kikundi kidogo cha watu na mche mkononi. Walivamiwa na kupigwa, naye akapasuliwa kichwa. Mwishoni mwa mwezi huo huo wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kuupinga unyakuzi huo, wakapambana na polisi, wakapigwa na masomo yao yakakatizwa. Tarehe 16 Agosti mwaka huo Rais Daniel arap Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Karura, wenye hekta zipatazo 1,000, ungali umesimama hadi leo. Wanaokimbia humo asubuhi na kuendesha baiskeli na watoto wao yafaa wajue kwamba walilipiwa kiingilio na vijana waliokuwa na umri wa miaka ishirini na ushei.

Sasa tugeuke tutazame magharibi mwa jiji, ambako habari si njema kiasi hicho. Msitu wa Barabara ya Ngong ulipotangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1932 ulikuwa na karibu hekta 2,900. Leo umebaki na hekta 1,200 na ushei. Zaidi ya nusu imekwenda. Sehemu ziligawiwa taasisi za umma, nyingine zikaishia mikononi mwa watu binafsi, na kilichobaki kikakatwa na barabara kuu ya kuzungukia jiji upande wa kusini. Hata jina la Kibera, mtaa unaojulikana ulimwenguni kote kwa mabanda yake, linatokana na neno la Kinubi, Kibra, lenye maana ya msitu. Askari Wanubi waliopewa makao pale mwanzoni mwa karne ya ishirini walipaita mahali walivyopaona. Mtoto wa Kibera wa leo hutamka neno hilo kila siku ajapo nyumbani, wala hajui kwamba anataja miti.

Niliwahi kufundisha katika shule moja ya upande wa Dagoretti. Siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu katika Msitu wa Barabara ya Ngong. Tulikwenda kwa miguu. Askari wa msitu alituonyesha mukinduri, akatuonyesha na muhugu, ule mti unaokua polepole na ambao wachongaji vinyago wa Kikamba wanauthamini kwa ugumu wake. Watoto waliokuwa wakipiga kelele njia nzima walinyamaza bila kuambiwa. Tulipopumzika, mvulana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, msitu huu ni wa nani?" Nikamjibu kwamba ni wake. Alinitazama kwa muda, kisha akacheka, akasema, "Mbona basi tumelipa pale langoni?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha, na sijalipata jibu hilo hadi leo. Mvulana yule aliishi umbali wa kutembea kutoka msituni, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuuingia. Ningemwambiaje aulinde?

Wapo watakaosema kwamba serikali inafanya kazi. Mgala muue na haki yake mpe. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka dola ihakikishe kwamba angalau asilimia kumi ya ardhi ya nchi imefunikwa na miti. Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti, na tarehe 10 Mei 2024 ikafuata nyingine, baada ya mafuriko yaliyoua watu na kuchelewesha kufunguliwa kwa shule. Sina ugomvi na siku hizo. Ugomvi wangu ni na desturi ya kudhani kwamba kupanda ndiko kulinda, na kwamba mtoto aliyepigwa picha ameshika mche amekwisha kufundishwa mazingira.

Katika shule hiyo niliyoitaja tulifikiwa siku moja na wageni waheshimiwa waliokuja na fulana na miche 80. Mashimo yalikuwa yamechimbwa tayari. Kila mgeni alipanda mche wake, akapiga picha, akanawa mikono, hotuba zikatolewa, soda zikanywewa. Hakuna mwanafunzi aliyekabidhiwa mti wowote autunze. Likizo ya Desemba ikaingia na mbuzi wa majirani wakaingia nayo. Tulipofungua shule Januari ilikuwa imesalia miche mitatu, yote kando ya jiko, kwa sababu mpishi alikuwa akiimwagia maji ya kuoshea vyombo. Sitaisahau hesabu hiyo. Katika ripoti tuliandikiwa miti 80.

Hata ile miti saba ya Kamukunji haikusalimika yote. Profesa Maathai mwenyewe alisimulia katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka wa 2006, kwamba ni miwili tu iliyookoka. Tofauti ni kuwa yeye alijifunza kutokana na ile mitano iliyokauka. Baadaye wanawake wa vijijini waliootesha miche katika vitalu vyao walilipwa kitu kidogo kwa kila mche ulioshika, si kwa kila mche uliofukiwa. Hapo pana somo ambalo shule zetu bado hazijalisoma.

Aidha, miti si lazima iwe msitu. Hesabu ya rasilimali za misitu iliyotolewa kwa mwaka wa 2021 ilionyesha kwamba miti ilifunika asilimia 12.13 ya nchi, hali misitu ilikuwa asilimia 8.83 tu. Safu ya mikaratusi kando ya barabara ni miti, lakini haina kima wala hondohondo, haina majani yanayooza na kuilisha ardhi, wala haishiki maji ya mvua kama msitu ushikavyo. Mwanafunzi hawezi kuielewa tofauti hiyo kwa kuandikiwa ubaoni. Anaielewa siku anapokanyaga udongo wa msituni ukabonyea chini ya kiatu chake, kisha akakanyaga ule wa uwanja wa shule ukamgomea kama saruji.

Ulimwengu nao una mifano ya kutufunza. Katika jimbo la California, Marekani, kuna miti iitwayo redwudi, mirefu kuliko yote duniani, mingine ikipita mita 100 na kuishi zaidi ya miaka 2,000. Wakata mbao waliishambulia kwa pupa katika karne ya kumi na tisa na ya ishirini, hivi kwamba katika misitu ile ya kale imebaki takriban sehemu moja kati ya ishirini. Wananchi walioona uharibifu huo wakaungana, na mwaka wa 1918 wakaunda chama cha kuinunua na kuihifadhi iliyosalia. Basi, Agosti 2020 moto mkubwa uliiteketeza hifadhi ya Big Basin, iliyotengwa tangu mwaka wa 1902. Walioiona waliomboleza wakidhani kila kitu kimekwisha. Lakini miezi michache baadaye vigogo vilivyokuwa vyeusi kama makaa vilianza kutoa machipukizi ya kijani.

Wataalamu wanatueleza siri yake. Gome la mti ule ni nene na huukinga moyo wake dhidi ya moto. Chini ya gome hilo hulala machipukizi tangu zamani, yakingoja. Na mizizi yake, ingawa haiendi chini sana, hutambaa mbali na kushikana na ya jirani zake, hata dhoruba ikija isiuangushe mti mmoja mmoja. Hiyo ndiyo maana ya ustahimilivu. Redwudi haiusubiri moto uwake ndipo itafute namna ya kupona. Ilijiandaa zamani, wakati wa neema.

Nalinganisha hayo na wanafunzi wa mwaka wa 1999. Ushujaa ule haukuzuka ghafla siku walipoingia barabarani. Tayari walikuwapo walimu, wazazi na wanaharakati waliokuwa wamekwisha kuwaonyesha kwamba ardhi ya umma ni mali yao. Swali linalonikosesha usingizi ni hili: je, sisi walimu tunayalaza machipukizi gani chini ya gome la watoto wa leo? Moto utakapowaka, kitachipuka nini?

Nazijua hoja za wenzangu, kwa maana nami nilizitoa nilipokuwa na chaki mkononi. Ya kwanza ni mitihani. Mwalimu anapimwa kwa alama, na siku moja nje ya darasa ni siku iliyopotea. Hoja hii ilikuwa na uzito katika mfumo wa 8-4-4, ambapo mtihani mmoja wa darasa la nane uliamua hatima ya mtoto. Lakini mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mtaala wa umilisi tulio nao sasa unadai mtoto atende na wala si kukariri tu, na unataka shule zishiriki huduma kwa jamii. Mwalimu anayeufundisha mtaala huo akiwa amewafungia watoto darasani anafanya kazi ya zamani kwa jina jipya. Msituni mna hesabu ya kupima kimo cha mti kwa kivuli chake, mna sayansi, mna jiografia, mna insha ya Kiswahili ambayo kwa mara ya kwanza haitaanza kwa "hapo zamani za kale".

Hoja ya pili ni usalama. Hii siidharau. Mzazi akikukabidhi mtoto wake asubuhi, unapaswa kumrudisha jioni akiwa mzima. Lakini hatari haiondolewi kwa kumficha mtoto, bali kwa kumwandaa. Skauti wamekuwa wakipiga kambi Rowallan, karibu na uwanja wa Jamhuri, kwa miaka mingi, na huko vijana hufunzwa kuwasha moto na kuuzima, kusoma ramani na kumhudumia aliyeumia. Shule ya Outward Bound ilifunguliwa Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro, tangu mwaka wa 1952. Tuzo ya Rais kwa vijana, iliyoanza mwaka wa 1966, huwataka washiriki wasafiri kwa miguu nyikani. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianza mwaka wa 1968 kwa juhudi za wanafunzi wenyewe wa shule za upili. Elimu ya nje ya darasa, kwa hiyo, si ugeni ulioletwa juzi. Ni urithi wetu tuliouacha ukapata kutu, ukabaki wa shule chache zenye uwezo.

Hoja ya tatu ni fedha, na hapa nawageukia walio madarakani. Ua uliozungushiwa misitu yetu umesaidia sana; asiyekubali hayo aulize jinsi watu walivyoogopa kuingia Karura kabla ya ua na walinzi. Lakini ua wenye lango la kulipia, hata ada iwe ndogo namna gani, huwachuja watu. Mtoto wa Karen au Lavington atapelekwa na wazazi wake kwa gari. Mtoto wa Kawangware, ambaye nyumbani kwao hakuna hata kichaka, atabaki nje akichungulia. Twaweza kujikuta tumeuokoa msitu kutoka kwa wanyakuzi, kisha tukaufanya ukumbi wa wenye nacho. Na watu hawakitetei kitu walichonyimwa. Naomba basi mwanafunzi yeyote wa shule ya umma ya Nairobi, akija na mwalimu wake kwa barua ya mwalimu mkuu, aingie bila malipo katika misitu ya umma siku za masomo. Hasara ya mapato hayo ni ndogo kuliko gharama ya kumtafuta mtetezi msitu unapovamiwa.

Kwa walimu nina pendekezo jepesi. Kila darasa lichague mti mmoja, katika Arboretum, katika Msitu wa Barabara ya Ngong, au hata ukingoni mwa barabara kama hakuna pengine. Darasa liutembelee mti huo mara moja kila muhula, tangu gredi ya nne hadi ya tisa. Watoto waupime, wauchore, wajue jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha za mama zao, waandike ni ndege gani aliyetua juu yake na ni lini ulitoa maua. Hakuna fulana, hakuna hotuba, hakuna mgeni mheshimiwa. Mtoto aliyeujua mti mmoja kwa miaka sita hataweza kuuona ukikatwa akapita kama hakuona kitu.

Mnamo mwaka wa 2020, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa kando ya Waiyaki Way, mugumo mmoja mkubwa wa Westlands uliwekwa katika orodha ya kung'olewa. Wananchi wakapiga kelele, na Novemba mwaka huo ikatoka amri ya Rais Uhuru Kenyatta kwamba mti ule uachwe. Umesimama hadi leo, na magari yanapita pembeni yake. Mti ule uliokoka kwa sababu uliwahi kupata watu waliojua jina lake. Mingine mingi ya njia ile haikuwa na aliyeijua, ikaangushwa.

Nanyi wanafunzi msingoje kuongozwa katika kila jambo. Waulizeni walimu wenu mtakwenda lini. Mkiambiwa hakuna basi, semeni mnayo miguu. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na udongo ninaousemea hapa ni ninyi wenyewe.

Mvulana yule aliyeniuliza msitu ni wa nani sasa ni mtu mzima, na huenda ana mtoto shuleni. Natumaini mtoto huyo atapelekwa msituni na mwalimu wake muhula huu. Akiuliza swali lile lile la baba yake, natumaini mwalimu ataweza kumwambia kwamba ni wake, na lango likawa wazi kuthibitisha.